Wapangaji wa Kiwandani: Historia Fupi ya Programu Zinazoila Laptopu Kabla Hujaitumia

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za watu zilinibana, lakini leo nimepata nafasi. Nataka tuzungumze jambo ninaloulizwa karibu kila wiki hapa mtaani: mbona laptopu ni mpya na bado inakokota?

(Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niseme kipakatalishi. Namheshimu, lakini sijawahi kumsikia mtu akiingia dukani Moi Avenue na kuuliza bei ya kipakatalishi. Nitasema laptopu.)

Kwa wasioijua, Majengo ninayoisema ni ile ya Pumwani, Nairobi, jirani na soko la Gikomba. Nyumba zetu za zamani ni za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake. Mara nyingi nyumba nzima ina mita moja ya umeme, na tokeni mnachanga. Kwa hiyo kila mtu hapa anajua ugomvi wa mpangaji ambaye pasi yake na jiko la umeme vinamaliza tokeni ambazo wengine wamelipia. Shikilia picha hiyo, tutaihitaji.

Juzi kijana mmoja wa chuo aliniletea laptopu. Mamake alikuwa amemnunulia kwa pesa za chama, zamu yake ilipofika. Siku tatu tangu itoke kwenye boksi. Prosesa Celeron, RAM GB 4. Niliiwasha, nikafungua Task Manager peke yake bila kitu kingine: prosesa ilikuwa imepita asilimia 90 na feni inanguruma kama kinu cha kusaga unga. Akaniuliza, "Kaka, ni virusi?" Nikamwambia hapana. Virusi huvunja mlango. Hawa walipewa funguo kiwandani, kwa mkataba, na kodi yao ilishalipwa. Ila hakulipwa yeye. Yeye kazi yake ni kuchanga tokeni.

Basi, hawa wapangaji walianzia wapi?

Lazima turudi miaka ya 1990, Marekani. Wakati ule Microsoft ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba peke yake. Mwaka 1996 kampuni ya Compaq iliondoa alama ya Internet Explorer kwenye skrini ya baadhi ya kompyuta zake na kuipa nafasi Netscape. Microsoft ikaandika barua ya kutishia kuifutia leseni ya Windows. Compaq ikarudisha alama ile haraka. Bila leseni ya Windows ungeuza nini? Kisa hiki kilikuja kutajwa kwenye kesi kubwa ambayo serikali ya Marekani na majimbo kadhaa waliifungua dhidi ya Microsoft mwaka 1998. Kesi iliishia kwenye makubaliano yaliyoidhinishwa na Jaji Colleen Kollar-Kotelly Novemba 2002, na sehemu mojawapo ya makubaliano hayo iliwapa watengenezaji wa kompyuta haki ya kuweka programu za wengine, alama zao kwenye skrini, hata kuzifanya zijiwashe zenyewe kompyuta inapoamka.

Nia ilikuwa njema: kuvunja ukiritimba ili mteja apate chaguo. Lakini angalia aliyepata chaguo hasa. Ni mtengenezaji. Na mtengenezaji wakati huo alikuwa anabanwa, kwa sababu bei za kompyuta zilikuwa zinashuka kila mwaka na faida kwa kila mashine ilikuwa imekonda. Akija mtu wa antivairasi akasema, "Weka toleo langu la majaribio la siku 60, nitakulipa kwa kila mashine," ungekataa? Akaja mwingine na upau wa kutafutia mtandaoni, mwingine na michezo, mwingine na programu ya kuchoma CD. Mtengenezaji naye akaongeza zake: ya kusimamia betri, ya kusimamia Wi-Fi (wakati Windows ina yake), ya kutafuta masasisho, na nyingine ya kukuuliza kama unafurahia zile nyingine.

Hapa niseme kidogo kama mtu wa kuandika programu, kwa sababu wengi hudhani programu isiyofunguliwa haifanyi kitu. Programu ya namna hii huacha vitu vitatu nyuma yake: mstari kwenye orodha ya kujiwasha, huduma inayokaa chinichini hata kabla hujaingiza nenosiri, na kazi iliyopangiwa saa. Kila kimoja, kwa macho ya aliyekiandika, ni kidogo sana. Mimi mwenyewe nikiandika kitu cha kuangalia masasisho, kwenye mashine yangu ya kazi hakionekani hata. Shida ni kwamba waandishi ishirini wamefikiri hivyohivyo, na wote wameamka dakika moja, kwenye diski kuu ya mzunguko wa 5400 kwa dakika, diski ambayo kichwa chake kinaweza kuruka huku na kule labda mara mia kwa sekunde, si zaidi. Foleni inaanza. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu diskini, yaani foleni ileile inaongezewa magari. Antivairasi nayo inasimamisha kila faili linalofunguliwa ili ilikague kwanza. Zikiwa antivairasi mbili, ya majaribio na ile uliyoweka mwenyewe, faili moja linakaguliwa mara mbili. Prosesa inapata joto, na ikipata joto inajipunguzia kasi ili isiungue. Kazi ikabaki ileile, mfanyakazi akapungua nguvu. Ndiyo maana laptopu hukokota zaidi saa nane mchana kwenye chumba cha mabati kuliko usiku. Watu hudhani nawatania nikisema hivyo.

Kilele cha mambo haya kilikuwa enzi za Windows Vista, iliyotoka Januari 2007. Vista yenyewe ilikuwa nzito, na watengenezaji wakaipachika kwenye mashine zenye RAM ya MB 512 zilizobandikwa kikaratasi cha kusema zinaiweza. Watu wakashtaki. Kwenye kesi hiyo zikatolewa barua pepe za ndani za Microsoft, na mmoja wa wakuu wake, Mike Nash, alikuwa amelalamika kwamba laptopu yake ya dola 2,100 imebaki kuwa mashine ya barua pepe tu. Kama mkubwa wa Microsoft alilia, mwanafunzi wa Eastlands angefanyaje?

Halafu Machi 2008 Sony wakatoa kali. Mteja aliyeagiza laptopu fulani za VAIO angeweza kuchagua huduma iliyoitwa Fresh Start: wangemwondolea programu za majaribio kabla ya kumtumia mashine, kwa dola 49.99. Yaani ulipie kutowekewa! Kelele zilizopigwa mtandaoni zilikuwa kubwa hata ada ile ikafutwa mara moja. Mimi nakipenda kisa hiki kwa sababu hapa tunaona bei imeandikwa wazi. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anasema programu hizi ni zawadi.

Haya, na huku kwetu?

Nairobi ya miaka hiyo watu wengi walikutana na kompyuta saiba, au walinunua ya mtumba. Na intaneti ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kutambaa, mpaka nyaya za baharini zilipofika Mombasa: TEAMS na SEACOM, zote mwaka 2009. Hili lina uhusiano na mada yetu kuliko linavyoonekana. Programu inayotafuta masasisho ikikosa seva yake haikati tamaa. Hungoja kidogo, hujaribu tena, huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imeshindwa, hujaribu tena. Programu zile ziliandikwa na watu ambao intaneti kwao ni kama maji ya bomba, kwa hiyo hali ya kukosa mtandao waliichukulia kuwa ajali ya dakika chache. Kwenye kompyuta isiyo na mtandao miezi sita, ajali hiyo ndiyo maisha ya kila siku. Baadaye nyaya zilipofika na modemu za USB zikaenea, walewale wakapata njia, na sasa wakahamia kwenye bando. Umenunua data ya shilingi hamsini uangalie matokeo ya mtihani, dakika tano baadaye imeisha na hujafungua hata ukurasa mmoja. Mwaka 2015 na 2016 Microsoft wenyewe walifanya hivyo, wakishusha Windows 10 kimyakimya kwenye mashine za watu, faili za kufika GB 6. Walinzi wa wanyama wa Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, walijikuta laptopu zao zinazotegemea setilaiti zinashusha mzigo huo porini.

Sasa mtumba. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini hutoka maofisini Uingereza na kwingineko; ndizo tunazoziita ex-UK. Na mtumba una mambo yake. Mashine nyingi zina sehemu ya diski iliyofichwa ambayo huhifadhi Windows kama ilivyotoka kiwandani. Fundi akibonyeza kurejesha, mashine inakuwa "mpya": na wale wapangaji wote wanarudi pamoja nayo. Nimeona mashine ya 2010 ikirejeshwa miaka zaidi ya kumi baadaye, na jambo la kwanza iliyofanya ni kuonya kwamba antivairasi itaisha baada ya siku 60. Kampuni ilishalipwa zamani.

Tusiwaonee wazungu peke yao, lakini. Mafundi wetu nao wana wapangaji wao. Mteja anataka "laptopu yenye kila kitu", basi fundi ana nakala moja ya diski anayoipiga kwenye kila mashine: Office ambayo haijalipiwa, Photoshop, programu ya ma-DJ, vivinjari vinne, na ile zana ya kudanganya leseni ambayo hukaa kama huduma na kuamka kila siku. Antivairasi lazima izimwe ndipo zana hiyo ikubali kufanya kazi, nawe hujui mle ndani mna nini tena. Baadhi ya zana hizo huja na programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Hapo prosesa yako inafanya kazi usiku kucha kwa ajili ya mtu usiyemjua, kwa tokeni zako. Simlaumu sana fundi. Anauza kile kinachoulizwa. Lakini usiniambie ni tofauti na alichofanya mtengenezaji.

Mpaka hapa tumezungumza uzito tu. Mwaka 2015 ndipo dunia ilipogundua kwamba mpangaji anaweza pia kuwa na nakala ya funguo za nyumba.

Lenovo walikuwa wameweka kwenye laptopu zao kadhaa za nyumbani, zilizouzwa kuanzia Septemba 2014 mpaka mapema 2015, programu iitwayo Superfish. Kazi yake ilikuwa kupachika matangazo kwenye kurasa unazotembelea. Lakini kurasa za https zimefungwa, hazipachikwi kitu. Superfish wakatatua hilo kwa kusakinisha cheti chao cha uthibitisho ndani ya Windows, ili kompyuta iwaamini wakijifanya benki, wakijifanya barua pepe, wakijifanya yeyote. Na cheti hicho kilikuwa na ufunguo wa siri uleule kwenye kila mashine. Februari 2015 mtafiti Robert Graham aliuchomoa ufunguo huo kwa saa chache. Nenosiri lake lilikuwa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza kifaa hicho cha kufungulia. Kuanzia hapo yeyote aliyekaa nawe kwenye Wi-Fi moja angeweza kusoma mawasiliano yako na kivinjari chako kingeonyesha kufuli ya usalama kama kawaida.

Fikiria hilo kwa macho ya hapa. Miaka hiyohiyo KRA ilikuwa inawahamishia walipa kodi kwenye iTax, huduma za serikali zinahamia eCitizen, na watu wanafanya hayo kwenye Wi-Fi ya mkahawa au ya saiba kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Kufuli ile ndogo ndiyo pekee iliyosimama kati ya nambari yako ya siri na jirani wa meza. Lenovo waliomba radhi, wakatoa kifaa cha kuiondoa, na Microsoft ikaifundisha Windows Defender kuifuta. Mwaka 2017 walikubaliana na tume ya biashara ya Marekani, na wakalipa dola milioni 3.5 kwa majimbo 32 ya huko. Kenya si jimbo la Marekani, kwa hiyo hatukuwamo.

Mwaka huohuo wa 2015 kukatokea jingine, na hili kwangu ni baya zaidi ingawa halikupigiwa kelele sana. Watu waligundua kwamba wakifuta kila kitu na kuweka Windows safi kutoka DVD, programu ya Lenovo inarudi. Ilikuwa imekaa kwenye BIOS, nje ya diski kabisa. Kwenye Windows 7 ilibadilisha faili la mfumo liitwalo autochk.exe, kwenye Windows 8 ilitumia mlango ambao Microsoft wenyewe waliufungua kwa ajili ya watengenezaji. Lenovo walitoa BIOS mpya isiyo na kitu hicho katikati ya 2015. Ni wangapi hapa wameshawahi kusasisha BIOS?

Mlango wa BIOS haukuanza na Lenovo. Kampuni ya Absolute Software ya Kanada ilikuwa na programu ya kufuatilia kompyuta zilizoibwa, Computrace, iliyowekwa kwenye BIOS za kampuni nyingi. Wazo zuri, mwizi akifuta diski programu inajirudisha. Februari 2014 watafiti wa Kaspersky walieleza kwamba wameikuta ikifanya kazi kwenye laptopu za watu ambao hawakuwahi kuiomba. Sasa kumbuka mtumba wetu unatoka maofisini, yaani hasa kwa wateja wa Computrace.

Watu walijiteteaje? Kabla ya 2012 ilikuwa msconfig, kuondoa alama moja moja na kuomba Mungu usiguse ya kipaza sauti. Wajuzi walitumia Autoruns ya Mark Russinovich, na mpaka leo ndiyo ninayoiamini kwa sababu inaonyesha hata kazi zilizopangiwa saa. Windows 8 ilileta orodha ya kujiwasha ndani ya Task Manager yenyewe. Microsoft nao walikuwa na maduka yao yaliyouza laptopu zisizo na takataka, na mwaka 2012 wakaanza kusafisha ya mteja yeyote kwa dola 99. Maduka hayo hayakuwahi kufika Nairobi, na mwaka 2020 yalifungwa karibu yote. Wengine walihama nyumba kabisa: Canonical walikuwa wanatuma CD za Ubuntu kwa posta, bure, popote duniani, mpaka mwaka 2011. Kwa mtu asiye na intaneti, bahasha ile ilikuwa jambo kubwa.

Mimi kwa kijana wa chuo nilifanya lile ninalofanya siku zote: nilihifadhi faili zake, nikaweka Windows safi kutoka flashi niliyoiandaa kwa kifaa cha Microsoft wenyewe. Leseni imo kwenye mashine, haipotei. Kushusha Windows ni GB 5 au zaidi, na kwa bando hiyo ni pesa, kwa hiyo flashi moja inazunguka mtaa mzima kama pampu ya baiskeli. Prosesa ikitulia ilikuwa asilimia 4.

Sasa tumefika kwenye mitumba ya leo. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 umeisha, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi zilizojaa mjini, kwa mfano EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Maofisi ya ng'ambo yamezitupa kwa wingi, bei zinavutia, na mafundi wanazipigia Windows 11 kwa kuruka ukaguzi. Linux inazifaa sana na haina wapangaji. Lakini kabla hujalipa, fanya mambo mawili dukani, mbele ya muuzaji. Ingia BIOS utafute neno Computrace au Absolute uone kama imewashwa. Halafu mwambie aanze kuweka Windows upya huku imeunganishwa na Wi-Fi. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni fulani na kudai barua pepe ya kazini, basi ofisi ile ya ng'ambo bado haijaiachilia mashine, na kufuta diski hakutasaidia kitu. Mwombe akutolee nyingine.